Utumbo mwembamba baada ya kuondolewa utumbo mpana

Haya ni maelezo ya mabadiliko ya utumbo mwembamba baada ya upasuaji wa kuondoa utumbo mpana wote, kwa sababu kama saratani au vidonda sugu.

Kila siku takriban lita 1.5 za majimaji huingia utumbo mpana, nao hufyonza karibu yote. Ukiondolewa, kazi hiyo huangukia sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Mwanzoni mgonjwa aliyewekewa tundu la tumboni la kutolea uchafu hutoa lita 1 hadi 2 kwa siku. Kisha mwili hujifunza: chakula hupita polepole zaidi, vijidole vya ukuta wa utumbo hurefuka, na homoni ya aldosteroni huchochea ufyonzaji wa chumvi. Baada ya wiki au miezi kadhaa, kiasi hushuka hadi mililita 500–800, nacho huwa kizito kama uji.

Hata hivyo utumbo mwembamba haugeuki kuwa utumbo mpana. Chumvi huendelea kupotea, mkojo hupungua, na hatari ya mawe kwenye figo huongezeka. Ndizi, wali na ugali husaidia kuukaza uchafu. Makande na uyoga vinaweza kuziba tundu visipotafunwa vizuri.

Mgonjwa akiharisha sana, asitegemee maji matupu: anywe maji ya chumvi na sukari (ORS), awahi hospitali.