Mawe Yaliyonyesha Mbale

Sisi tukaao pwani, toka Kerege hata Bagamoyo, si wageni wa vimondo. Mvuvi huviona usiku baharini, na mzee huviona akiwa barazani; naye husema, "Nyota imeanguka," kisha husahau. Lakini nyota haianguki. Kimondo ni jiwe litokalo mbali, liingialo katika hewa ya dunia kwa mbio kuu hata likawaka. Vingi ni vidogo kama chembe za mchanga, navyo huteketea juu. Kilicho kikubwa hung'aa kupita mwezi, na pengine vipande vyake hufika chini.

Hayo yalitukia Mbale, katika Uganda, alasiri ya tarehe 14 Agosti 1992. Watu walisikia mshindo mkuu, kisha mawe yakanyesha juu ya mji na mashamba. Kipande kidogo kilipita katika majani ya mgomba, kikampiga kijana kichwani. Wala hakuumia, kwa kuwa majani yalikipunguzia nguvu. Jiwe lililo kubwa kuliko yote yaliyookotwa lilikuwa na uzito wa kilo 27 hivi. Baadaye wachunguzi wa vimondo walitoka Uholanzi wakawauliza watu waliyoyaona, wakapima na mahali mawe yalipoanguka. Hivyo njia ya kimondo ikajulikana.

Basi, ushuhuda wa mtu asiye na darubini una thamani, ila uwe kamili. Uonapo kimondo kikubwa, andika saa, mahali uliposimama, na upande kilikotoka na kilikoelekea; mnazi au paa la nyumba litakusaidia kukumbuka. Hesabu sekunde hata mshindo usikike, maana mwanga hufika mara moja, bali sauti huchukua sekunde 3 hivi kwa kila kilometa. Akiwapo shahidi mmoja Kerege na mwingine Bagamoyo, mistari yao miwili itakutana pale kimondo kilipokuwa.

Wala tusikawie. Tarehe 16 Desemba 1938 jiwe lilianguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, likaokotwa. Uzito wake wapata gramu 705 tu. Mawe ya aina yake ni haba mno duniani, na wataalamu wameiita aina hiyo kwa jina la Ivuna. Ni laini, na mvua huyaharibu upesi. Lisipookotwa mapema, hupotea, na habari yake hupotea pamoja nalo.