Gari kugoma kuwaka: Namna ya kutambua kasoro ya pampu ya mafuta

GARI linapogoma kuwaka asubuhi, wamiliki wengi huishuku betri kwanza, kisha stata, kisha plagi. Vifaa hivyo hununuliwa kimoja baada ya kingine, fedha zikateketea na tatizo likabaki palepale. Wakati mwingine chanzo kimejificha ndani ya tangi, kwenye pampu ya mafuta.

Hatua ya kwanza ni kusikiliza stata. Ikiwa injini inazunguka kwa kasi ya kawaida lakini haishiki, betri na stata hazina kosa. Uchunguzi uelekezwe kwenye mafuta na moto wa plagi. Ikiwa inazunguka kwa uzito, betri ipimwe kwanza.

Katika magari ya petroli yanayotumia nozeli, pampu ya umeme huwa ndani ya tangi. Kwa magari mengi, ufunguo ukizungushwa hadi taa za dashibodi ziwake, pampu hunguruma kwa sekunde 2 au 3, ikajaza mafuta kwenye bomba, kisha hunyamaza. Hata hivyo, katika baadhi ya Toyota za miaka ya 1990, pampu haianzi hadi stata izunguke. Kwa hiyo, ukimya pekee si ushahidi kwamba pampu imekufa.

Kuna jaribio lisilohitaji kifaa chochote. Washa swichi kwa sekunde 3, zima, rudia mara tatu, kisha piga stata. Gari likiwaka mara moja, ilhali bila kufanya hivyo huchukua muda mrefu, maana yake presha ya mafuta hupotea gari linapolala.

Sababu za upotevu huo ni tatu: vali ya pampu inayozuia mafuta kurudi tangini imechoka, regyuleta ya presha imeharibika, au nozeli inavuja. Nozeli ikivuja, gari huwaka kwa shida na kutoa moshi mweusi wenye harufu ya petroli. Aidha, kwa regyuleta yenye mpira wa hewa, chomoa mpira huo. Ukikuta petroli ndani yake, regyuleta imepasuka.

Fundi makini hafungui tangi kabla ya kupima presha kwa geji. Katika mifumo mingi ya kawaida, presha huwa kati ya paundi 35 na 60 kwa inchi moja ya mraba, kutegemea aina ya gari. Presha ikiwa ndogo, aanze na fyuzi, rilei, chujio la mafuta na nyaya. Apime pia umeme unaofika kwenye pampu wakati inafanya kazi, kwani soketi iliyoungua au waya wa bodi wenye kutu hudhoofisha hata pampu mpya. Umeme ukiwa kamili, chujio likiwa safi na presha bado ni ndogo, hapo ndipo pampu ibadilishwe.

Tahadhari ni muhimu, kwani bomba hubaki na presha hata baada ya injini kuzimwa. Kabla ya kulifungua, chomoa fyuzi ya pampu, acha injini iungurume hadi izimike yenyewe, kisha tenganisha betri. Kazi ifanyike penye hewa, mbali na sigara, jiko au cheche za kuchomelea.

Kwa upande wa kinga, madereva wa mijini waache mazoea ya kutembea taa ya mafuta ikiwaka kila siku. Petroli ndiyo inayoipoza na kuilainisha pampu, hivyo tangi likikaribia kukauka, pampu hupata joto na kuchakaa mapema. Mafuta yaliyochanganywa na maji au uchafu nayo huiua, na ni busara kudai risiti kila unapojaza.

Mwisho, fundi anapokuambia pampu imekufa, muulize geji ilisoma ngapi. Akikosa jibu, usitoe fedha.