Nyegezi ilipowaponza wawili

Abiria wa basi anayetoka Shinyanga, Kahama au Geita kwenda Mwanza hushukia stendi ya Nyegezi. Wa Shinyanga hufika kwa lami moja kwa moja kupitia Misungwi. Wa Geita, hadi Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilipozinduliwa, alipanga foleni ya kivuko kwanza. Kwa watu hawa Nyegezi ni mizigo, wapiga debe na bodaboda, basi. Novemba 2018 jina hilo likageuka kesi ya taifa zima.

Mwezi huo Rayvanny, akimshirikisha bosi wake wa lebo ya WCB Wasafi, Diamond Platnumz, alitoa wimbo uitwao "Mwanza". Ni muziki wa kompyuta: ngoma, besi na kinanda vimepangwa na prodyuza, waimbaji wakaja kuweka sauti zao juu. Wawili hao walilichezea jina la Nyegezi hadi likasikika kwa maana ya chumbani, nayo hiyo ndiyo iliyobebwa midomoni mwa watu. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, likasema wimbo hauna maadili na kuufungia.

Pengine ungefia hapo. Lakini Desemba msafara wa Wasafi Festival ulitua Mwanza kwenyewe, na wawili hao wakaupiga jukwaani, mbele ya umati wa watu ambao Nyegezi ni kwao. Siku chache baadaye BASATA ikawapiga marufuku kufanya maonyesho ndani na nje ya nchi kwa muda usiojulikana. Diamond akaomba radhi hadharani, na Januari 2019 adhabu ikaondolewa.

Mwanza ni Usukumani, lakini hakuna Msukuma kati ya wawili hao. Rayvanny ni wa Mbeya, Diamond ni kijana wa Tandale. Wala haikuwa mara yao ya kwanza kuja kuchota Kanda ya Ziwa: mwaka 2016 waliuchukua wimbo wa Saida Karoli wa Bukoba, "Maria Salome", uliovuma kwa Kihaya mwaka 2001, wakautia biti mpya na kuuita "Salome". Ule ulimrudisha Saida masikioni mwa vijana ambao walikuwa hawajazaliwa alipokuwa akitamba, na kwa hilo sina ugomvi nao. "Mwanza" ni jambo tofauti. Hapo hawakuchukua sauti ya mahali, walichukua jina la stendi tu.

Kinachonishangaza ni kwamba mahali penyewe pana historia ndefu ya wawili na mafumbo. Tangu karne ya 19 Wasukuma wamegawanyika katika vyama viwili vikuu vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilivyotokana na Ngika na Gumha, mafundi wawili wa ngoma na dawa waliokuwa mahasimu. Baada ya mavuno, Juni hadi Agosti, kila chama humtoa manju wake, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma. Viwanja vinakuwa viwili, ngoma zinapigwa kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayemnyang'anya mwenzake watazamaji. Ndiyo maana manju hutunga kwa siri, hufanya mazoezi usiku, na siku ya siku humrushia mpinzani kijembe kilichofungwa vizuri kiasi kwamba umati hucheka kabla mhusika hajang'amua kuwa ni yeye anayesemwa. Padri David Clement, Mkanada aliyeanzisha kituo cha Bujora karibu na Kisesa miaka ya 1950, aliyaingiza mashindano hayo hata kwenye sikukuu ya Ekaristi, ambayo huko huitwa Bulabo. Bujora bado wanacheza kila Juni.

Kwa hiyo wawili wa Usukuma walikuwa wakipambana. Hawakuwa wakishirikiana kwenye mdundo mmoja na kugawana beti, mmoja akipokea pale mwenzake anapoachia. Hiyo ililetwa na studio.

Na studio hufuata fedha. Mgodi wa Mwadui ulianza kutoa almasi mwaka 1940. Mgodi wa zamani wa Geita, uliofungwa mwaka 1966, ulifuatiwa na wachimbaji wadogo, kisha mgodi mkubwa wa mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka uliofuata. Kahama ikavimba kuwa mji wa maduka, nyumba za wageni na vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye memori kadi za simu. Mtu aliyeuza dhahabu yake vizuri, au pamba, au mpunga, anataka harusi yenye mwimbaji.

Hapo ndipo ulipo muziki wa kielektroniki wa ukanda huu, ule ambao Dar es Salaam hausikiki sana. Bhudagala Mwanamalonja, Nelemi Mbasando na wenzao huimba Kisukuma juu ya kinanda cha umeme na ngoma za kompyuta. Huitwa kwenye shughuli, hutaja ukoo wa bwana harusi na wa bibi harusi, humpandisha mwenye mifugo, kisha wimbo hurekodiwa na kutengenezewa video yenye wachezaji waliovaa sare, wakitikisa mabega kama walivyotikisa babu zao kiwanjani. Wimbo mmoja unaweza kuwa mrefu kuliko nyimbo tatu za Bongo Fleva, kwa sababu aliyelipa lazima atajwe na shangazi zake wote.

Utangazaji wa nchi hii ni wa Kiswahili na Kiingereza, kwa hiyo nyimbo hizi zimekulia kwenye simu, kwenye spika za mabasi ya mikoani na YouTube. Naona huko ndiko zilikohifadhi uhuru wao. Fumbo la "Mwanza" lilinaswa kirahisi kwa kuwa lilikuwa jepesi, na la Kiswahili. Anayetaka kukagua kijembe cha manju wa Kahama itambidi ajue Kisukuma, ajue ni harusi ya nani, na ajue shemeji yupi aliahidi ng'ombe kumi akaleta sita.