Kipimo na Kipimwacho: Lugha katika Mitihani ya Tanzania tangu 1967

Katika kata ya Sokon I, jijini Arusha, mtoto aweza kuzungumza Kiarusha au Kimeru nyumbani, akacheza kwa Kiswahili mtaani, na baadaye akafanya mitihani ya sekondari kwa Kiingereza. Akikosea swali la biolojia, je, amekosa maarifa au amekosa maneno?

Swali hilo lina historia. Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa, na mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea, waraka ulioshutumu elimu inayolenga kufaulu mitihani tu. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Sheria ya mwaka 1973 ikaunda Baraza la Mitihani la Tanzania. Azimio la Musoma la 1974 likataka maendeleo ya mwanafunzi ya kila siku yahesabiwe pamoja na mtihani wa mwisho. Hivyo alibadilika mtahini, ukabadilika na wakati wa kutahini. Lugha ya kutahinia katika sekondari ilibaki ileile.

Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika sekondari mwaka 1985. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi kwa matini yenye nafasi za kujaza, wakabaini kwamba Kiingereza cha walio wengi hakikutosha kujifunzia masomo mengine. Hata hivyo, walishauri Kiingereza kiendelee na ufundishaji wake uimarishwe.

Hapo ndipo kanuni mbili za upimaji hudhihirika. Uthabiti hudai kwamba insha moja ipate alama zinazokaribiana, awe nani msahihishaji wake. Mwongozo wa usahihishaji na msahihishaji wa pili husaidia. Uhalali hudai zaidi: mtihani upime kile unachodai kupima. Mizani iliyoharibika yaweza kutoa uzito uleule kila siku, na kila siku ikakosea. Vivyo hivyo, mtihani wa biolojia waweza kusahihishwa kwa uadilifu mkubwa na bado ukawa, kwa mtahiniwa asiyeimudu lugha yake, mtihani wa Kiingereza uliovaa jina la biolojia.

Kanuni hiyo yakihusu Kiswahili pia. Maswali ya ngeli na methali pekee hayathibitishi kwamba mtahiniwa aweza kusikiliza, kuzungumza, au kuandika barua inayoeleweka. Kisichotahiniwa, aghalabu, hakifundishwi.

Kwa mantiki hiyo, mtunzi wa mtihani hana budi kujiuliza, kabla ya kuandika swali la kwanza, ni ujuzi gani anaoutafuta na ni lugha ipi itakayomwezesha mtahiniwa kuudhihirisha. Asipofanya hivyo, alama zitamhukumu mtoto wa Sokon I kwa kosa ambalo hakuna aliyekusudia kulipima.