Boganvilia na Jina Lililofichika

Nani kati yetu asiyeujua mmea wa boganvilia, wenye miiba na rangi za kupendeza, unaopandwa kuzunguka nyua za shule? Jina lake twalitamka kila siku, lakini ni mara chache tunapouliza lilikotoka.

Asili ya mmea huu ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1767 msafara wa Kifaransa ulioongozwa na Louis-Antoine de Bougainville ulitia nanga Rio de Janeiro, nchini Brazili. Mtaalamu wa mimea msafarani alikuwa Philibert Commerson. Matawi yalichumwa, yakakaushwa, na mmea ukapewa jina la kiongozi wa safari.

Lakini Commerson alikuwa akiugua mguu, na mzigo mkubwa wa kazi ulimwangukia mtumishi wake. Mtumishi huyo alikuwa mwanamke, Jeanne Baret, aliyevaa mavazi ya kiume kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa katika merikebu za jeshi. Wengi hudhani kuwa ni mkono wake uliolichuma tawi lile. Ndiye mwanamke wa kwanza ajulikanaye kuizunguka dunia.

Mmea ulipopelekwa kuoteshwa Ulaya, haukuyaweza majira ya baridi ya huko. Watunza bustani waliuhifadhi katika nyumba za vioo, penye joto la kuzuia jalidi tu. Hadi leo hufanya hivyo: baridi ikiingia huupunguzia maji, nao hupukutisha majani na kupumzika mpaka joto lirudi. Kwa kuwa aina nyingi za bustanini hazitoi mbegu kwa urahisi, hukata kipande cha tawi lililoanza kukomaa na kukichomeka katika mchanga wenye unyevu, kikatoa mizizi. Nasi huotesha vivyo hivyo, ila hatuhitaji vioo.

Tuutazame mmea huo kwa makini. Zile rangi zing'aazo si maua, bali ni majani. Ua lenyewe ni dogo, jeupe, limejificha katikati. Ndivyo ilivyo historia yake: jina la nahodha limeng'aa, la Baret likafichika. Mwaka 1785 serikali ya Ufaransa ilimpa malipo ya uzeeni. Lakini ni mwaka 2012 tu wataalamu walipoupa mmea mmoja wa Amerika ya Kusini jina la Solanum baretiae kwa heshima yake.

Basi tunapowafundisha wanafunzi kuchomeka tawi la boganvilia, tuwatajie majina yote mawili.