Fundi mitambo: Asiyeonekana jukwaani, alaumiwaye kwanza

SAUTI ya msanii inapokatika katikati ya wimbo, mashabiki hawamwangalii msanii. Hugeuka nyuma, kumtafuta mtu aliyeketi chini ya turubai mbele ya meza yenye vitufe vingi. Huyo ndiye fundi mitambo, na jina lake halikuandikwa kwenye tangazo lolote la onyesho.

Tunduma, mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ni kituo cha kazi chenye masharti yake. Mitambo mikubwa inapoagizwa kutoka Mbeya husafiri takribani kilometa 100 kwa barabara kuu ya Tanzania na Zambia, ikipenya foleni za malori. Onyesho likiwa ng'ambo, Nakonde, spika na nyaya huandikishwa kwanza forodhani. Fundi asiyepanga muda wake hufika uwanjani wakati mashabiki wamekwisha kukata tiketi.

Kazi huanza kwenye umeme, wala si kwenye muziki. Jenereta hufungwa waya wa ardhini, na vifaa vyote vya jukwaani hupewa umeme wa chanzo kimoja. Gitaa likiunganishwa kwenye chanzo kimoja na maikrofoni kwenye kingine, huku waya wa ardhini ukiwa na hitilafu, mwimbaji anayegusa vyote viwili hugeuka njia ya umeme. Volti 230 zinatosha kuua. Kwa maoni ya mwandishi, hapa ndipo waandaaji hawapaswi kubana fedha hata kidogo.

Baada ya hapo hufuata kujaribu sauti. Ule mlio mkali unaoumiza masikio hutokea pale maikrofoni inaposikia spika yake yenyewe na kuirudishia sauti ileile, mzunguko usiokoma. Fundi hupanga spika kuu mbele ya maikrofoni, kisha hupunguza masafa yanayolia. Wengi hudhani dawa ni kuongeza sauti. Kumbe huko ndiko kuzidisha ugonjwa.

Uwanja mrefu una hesabu yake. Sauti husafiri takribani meta 340 kwa sekunde, hivyo spika iliyowekwa meta 68 mbele ya jukwaa lazima icheleweshwe sehemu mbili za kumi za sekunde. Bila hivyo, aliye nyuma husikia kila neno mara mbili. Usiku wa baridi wa Juni na Julai huongeza tatizo jingine: hewa ya chini ikipoa kuliko ya juu, sauti hupinda kurudi ardhini na kufika mbali, hadi kwa waliolala. Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004.

Zamani mambo yalikuwa tofauti. Bendi za dansi kama NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, zilitumia vyombo vya taasisi iliyozimiliki. Mwanamuziki aliyehama aliviacha. Leo vyombo hukodishwa, na wasanii wengi huimba juu ya muziki uliokwisha kurekodiwa. Msomaji asidhani kazi imekuwa rahisi: faili lisipofunguka, hakuna mpiga ngoma wa kuziba pengo.

Gharama kubwa zaidi hulipwa na masikio. Kiwango kinachopendekezwa kwa mfanyakazi ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zinapoongezeka muda huo hupungua nusu. Kwa desibeli 100 zinabaki dakika 15 tu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa kumbi na matamasha, likitaka wastani wa sauti usizidi desibeli 100, na watu wapewe vizibo vya masikio. Shabiki hukaa saa chache akarudi kwake. Fundi yupo tangu majaribio ya mchana hadi alfajiri, na seli za sikio la ndani zikishakufa hazioti tena. Dalili ya mwanzo ni mlio masikioni baada ya onyesho, ambao wengi huuchukulia kuwa ni uchovu.