Mbio za farasi za masafa marefu: Mitindo mipya yalenga kuokoa farasi

Mbio za farasi zinapotajwa nchini Kenya, wengi hukumbuka uwanja wa Ngong jijini Nairobi, ambako mshindi hupatikana kwa dakika chache. Upo hata hivyo mchezo mwingine ambao farasi na mpandaji wake husafiri hadi kilomita 160 kwa siku moja, wakipita milimani, misituni au jangwani. Huo ni mchezo wa mbio za farasi za masafa marefu, na kwa miaka kadhaa sasa waandalizi wake wamekuwa wakijaribu mitindo mipya ya mashindano ili kuzuia vifo vya farasi.

Mchezo huu kwa sura yake ya kisasa ulianzia jimbo la California, Marekani, mwaka wa 1955. Wendell Robie, mkazi wa mji wa Auburn, alitaka kuonyesha kwamba farasi wa zama hizi bado wangeweza kwenda maili 100 kwa siku. Safari yake ilizaa mashindano ya Tevis Cup, ambayo huendelea hadi leo. Kila anayemaliza ndani ya saa 24, farasi wake akiwa mzima, hutunukiwa bizimu ya fedha. Tangu mwaka wa 1964 hutolewa pia kombe la Haggin kwa farasi mwenye hali bora kabisa miongoni mwa kumi wa kwanza kufika. Kaulimbiu ya wapenzi wa mchezo huo Marekani ni kwamba kumaliza ndiko kushinda.

Safari hugawanywa katika awamu kadhaa. Mwisho wa kila awamu madaktari wa mifugo humkagua farasi: mapigo ya moyo, maji mwilini, sauti za tumbo na mwendo wake. Kikomo cha kawaida ni mapigo 64 kwa dakika. Farasi ambaye moyo wake haujatulia katika muda uliowekwa, au anayechechemea, huondolewa hata kama alikuwa akiongoza.

Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi (FEI) liliutambua mchezo huu mwaka wa 1978, na ubingwa wa dunia ukaanza mwaka wa 1986. Baadaye mataifa ya Ghuba yaliukumbatia kwa nguvu. Katika nyanda tambarare za jangwa, njia zilisawazishwa, zawadi zikaongezeka na kasi ikapanda hadi wastani unaozidi kilomita 25 kwa saa. Haraka haraka haina baraka: mifupa ilivunjika na farasi wakafa. Machi 2015, FEI ilisimamisha shirikisho la Umoja wa Falme za Kiarabu kutokana na masuala ya ustawi wa farasi na ukiukaji wa kanuni, kabla ya kulirejesha Julai mwaka huo.

Pigo jingine lilitokea Septemba 12, 2018, huko Tryon, Marekani, wakati wa Michezo ya Dunia ya Farasi. Mbio za kilomita 160 zilianza vibaya baada ya baadhi ya washiriki kuelekezwa njia isiyofaa. Zilianzishwa upya kwa kilomita 120, kisha zikafutwa kabisa kwa sababu ya joto na unyevu mwingi hewani. Farasi wengi walihitaji matibabu, na mmoja ikabidi auawe baadaye ili kumwondolea mateso.

Ni katika hali hiyo ndipo mitindo mipya ilipopata uzito. Wa kwanza ni ule wa kuwekea kasi kikomo. Huko Bouthib, Abu Dhabi, Sheikh Sultan bin Zayed Al Nahyan, aliyefariki mwaka wa 2019, alianzisha mashindano ambayo kasi haikupaswa kuzidi kilomita 20 kwa saa, na mapigo ya moyo yalitakiwa kushuka hadi 56. Zawadi zilitolewa pia kwa kuzingatia hali ya farasi. Nchini Ufaransa, wanaoanza hushindana kwa kasi iliyopangwa kabla, hivi kwamba kufika mapema mno ni kosa sawa na kuchelewa.

Mtindo wa pili ni kugawa safari katika siku nyingi. Australia ina mashindano ya Shahzada, yaliyoanza mwaka wa 1981, ambayo farasi yule yule huenda kilomita 400 kwa siku tano. Mpandaji anayemchosha farasi siku ya kwanza hujikuta hana wa kumpanda siku ya pili.

Wa tatu ni kubadilisha farasi njiani. Mbio za Mongol Derby, zilizoanza mwaka wa 2009, ni za kilomita 1,000 na huiga mfumo wa kale wa matarishi wa Genghis Khan. Mpandaji huchukua farasi mpya kila baada ya takriban kilomita 40, naye hupewa adhabu ya muda iwapo moyo wa farasi aliyemwacha unakawia kutulia. Lara Prior-Palmer wa Uingereza aliibuka mshindi mwaka wa 2013 akiwa na umri wa miaka 19.

FEI yenyewe haijaacha mbio za kasi huru. Kanuni zake mpya, zilizoanza kutumika Januari 2020, zilikaza masharti ya kufuzu na ya mapumziko. Farasi anayezidi wastani wa kilomita 20 kwa saa huongezewa siku za kupumzika kabla ya kushindana tena.

Wanaopinga vikomo hudai kwamba shindano lisiloruhusu kasi si mbio tena. Wanaoviunga mkono hujibu kwamba farasi hawezi kusema amechoka, hivyo ni lazima kanuni zimsemee. Mvutano huo bado haujaisha, na mashindano ya aina zote mbili yanaendelea kuandaliwa.